Kagua Nyonga Kabla ya Kumpandisha Mbwa Mkubwa

Wafugaji wengi wa mbwa wa ulinzi wakitafuta dume wa kupandishia huuliza kwanza uzito wake na ukubwa wa kichwa. Maswali hayo yangekuja mwisho. Kwa German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, kinachowatoa wengi kazini mapema ni nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, kinachezacheza, gegedu linalika, na mbwa ambaye bado ni kijana anainuka kwa taabu asubuhi. Ugonjwa huu hurithiwa kupitia vinasaba vingi, ndiyo maana mzazi anayekimbia vizuri anaweza kuzaa watoto wenye nyonga mbovu. Inahitajika eksirei, mbwa akiwa amelazwa chali kwa dawa ya usingizi na miguu ya nyuma imenyooshwa sambamba. Ipigwe akishatimiza miezi 24. Nyonga zikionekana legelege, alinde boma lakini asizae, hata kama ulimnunua ghali.

Mpime na moyo wake. Angusha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu ya saruji, hatua chache kutoka alipo. Mbwa mzuri atashtuka, kisha atarudi kuunusa. Anayejificha chini ya gari na kukataa kutoka, usimpandishe. Woga nao hurithiwa, na mbwa mwoga ni hatari kwa watoto wa nyumbani.

Daktari wa mifugo awakague wote wawili sehemu za siri kabla hawajakutana. Pale mbwa wanapozurura kuna uvimbe unaofanana na koliflawa, hutoa damu, na huambukizwa kwa kupandana. Maabara ikiwepo, wapimwe pia brusela, inayotoa mimba.

Jike asipandwe kwenye joto la kwanza. Hesabu siku tangu damu ilipoonekana. Wengi huwa tayari kati ya siku ya 10 na ya 14, damu inapopauka kama maji yaliyooshea nyama, na jike akiguswa kiunoni hupeleka mkia pembeni. Pandisha mara mbili, ukiruka siku moja katikati. Wakinasana, waache hata nusu saa. Kuwavuta huwaumiza wote wawili.

Mimba huchukua siku 63 hivi. Chakula usikiongeze hadi wiki ya 5, kisha panda polepole kwa robo hadi nusu. Vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba ni kosa tunaloliona sana. Mwili huzoea kupewa, ukashindwa kuchota madini kwenye mifupa maziwa yanapoanza kutoka. Mama hutetemeka, hukakamaa, na bila sindano ya haraka hufa. Ni ile homa ya maziwa mnayoijua kwa ng'ombe.

Sanduku la kuzalia liwe na sentimita 120 kwa 120. Ndani yake pigilia fito kuzunguka kuta zote, sentimita 10 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani. Mama akijiegemeza, mtoto aliye nyuma yake hubaki kwenye upenyo huo badala ya kubanwa. Kuanzia siku ya 57 mpime joto asubuhi na jioni. Likishuka chini ya nyuzi 37.2, kwa kawaida atazaa ndani ya saa 24. Mwite daktari akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au ukitoka uteute wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza.

Watoto wote wanyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, siku hiyo hiyo. Wapime kila siku kwa mizani ya jikoni: uzito wa kuzaliwa uwe umeongezeka maradufu kufikia siku ya 10 hivi, na anayepungua baada ya siku ya kwanza ashughulikiwe saa ileile. Dawa ya minyoo wapewe wiki ya 2, 4, 6 na 8. Asiondoke mtoto kabla ya wiki 8, na mnunuzi aondoke na nakala za eksirei za wazazi wote wawili. Mwambie asimnenepeshe: mbavu zipapasike kwa vidole, na asimlelee kwenye vigae vinavyoteleza.