Flashi inagoma kuandikwa kwenye Linux: usiifomati kabla ya kusoma dmesg

Wiki iliyopita jirani yangu mwalimu alinigongea usiku akiwa na flashi ya GB 16. Ndani mlikuwa na mitihani ya kidato cha pili na alama za muhula mzima, na nakala nyingine hakuwa nayo. Aliichomoa haraka kwenye kompyuta ya stesheneri, na tangu hapo laptopu yake ya Linux Mint inafungua faili vizuri lakini haikubali kuhifadhi kitu. Kila aliyemuuliza alimwambia aifomati. Ushauri huo umewapotezea watu kazi zao bure, na ndiyo maana naandika haya.

Hatua ya 1: Soma keneli inasema nini

Keneli ni kiini cha mfumo wa Linux, na dmesg ndiyo amri ya kusoma ujumbe wake. Chomoa flashi, fungua dirisha la amri, andika:

`sudo dmesg -w`

Sasa ichomeke tena. Ya mwalimu ilileta mistari hii:

`[sdb] 31129600 512-byte logical blocks: (15.9 GB/14.8 GiB)`
`[sdb] Write Protect is off`
`FAT-fs (sdb1): Volume was not properly unmounted. Some data may be corrupt. Please run fsck.`

Wa kwanza unakupa jina la flashi na ukubwa wake. Hakikisha ukubwa unalingana kabla ya kuandika amri yoyote ya hapa chini, maana kwenye laptopu yenye diski ya NVMe (aina ya SSD) flashi huweza kuitwa sda, na kwenye nyingine sda ndiyo diski yenye kila kitu chako.

Wa pili ndio unaoamua. Ukiona *off*, flashi yenyewe ni huru na tatizo liko kwenye mfumo wa faili. Ukiona *on*, tafuta swichi ndogo ubavuni. Kama haina, mara nyingi ni chipu iliyochakaa imejifunga, na hakuna amri ya kuifungua. Fanya hatua ya 2, kisha nunua nyingine.

Kama hakuna mstari hata mmoja, au unaona *error -71*, jaribu tundu jingine la USB, na uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila waya wa kuunganishia.

Hatua ya 2: Nakili kwanza, tengeneza baadaye

`umount /dev/sdb1`
`sudo apt install gddrescue`
`sudo ddrescue -d /dev/sdb flashi.img flashi.map`

umount huipachua flashi, yaani huitenga na mfumo bila kuichomoa. ddrescue inanakili sdb nzima, si sdb1 ambayo ni sehemu yake tu. Situmii dd, amri ya kawaida ya kunakili diski, kwa kazi hii, kwa sababu ikikuta sehemu mbovu husimama palepale. ddrescue huchukua kwanza panaposomeka, halafu hurudia pabovu. Faili la map linakumbuka ilipofika, kwa hiyo umeme ukikatika unarudia amri ileile na inaendelea. Uwe na nafasi inayotosha flashi nzima.

Hatua ya 3: Ondoa kizuizi cha kuandika

Hapa ndipo niliwahi kupoteza jioni nzima. Niliona *Read-only file system* nikadhani ni suala la ruhusa, nikahangaika na chmod, kisha chown (amri za kubadili ruhusa na mwenye faili), kisha nikajaribu yote kama root, msimamizi mkuu wa mfumo. Hakuna hata moja ingefaa. FAT32, mfumo wa faili wa flashi nyingi, haihifadhi mwenye faili wala ruhusa zake. Zile unazoziona zinawekwa wakati wa kupachika flashi, yaani kuiunganisha na mfumo. Kilichofunga mlango ni keneli: ikikuta hitilafu kwenye jedwali la faili inasimamisha uandishi ili isiharibu zaidi. Acha dmesg wazi, ipachike flashi tena, jaribu kuhifadhi faili, utaona:

`FAT-fs (sdb1): Filesystem has been set read-only`

Ukiupata mstari huo, sahau chmod. Pachua flashi tena, kwa sababu ukiikagua ikiwa imepachikwa unaweza kuongeza uharibifu. Kisha ikague kwa fsck, programu ya kukagua mfumo wa faili, bila kubadili chochote:

`sudo fsck.vfat -n /dev/sdb1`

Soma orodha yote. Ikiwa inalalamika tu kwamba haikupachuliwa vizuri, au inaonyesha tofauti ya *65:01/00* kati ya sekta ya kwanza na nakala yake, tulia. Hiyo ni alama tu ya kuchomolewa ghafla. Lakini ukiona mamia ya majina yasiyosomeka, usitengeneze flashi. Fanyia kazi ile flashi.img kwa photorec, programu ya kuokoa faili.

Kama orodha ni fupi, endelea:

`sudo fsck.vfat -r /dev/sdb1`

Wengi hutumia -a kwa kuwa haiulizi. Mimi naikataa kwa sababu hiyohiyo: inakuamulia. Kwa -r unajibu swali moja moja, na mwishoni inakuuliza kabla ya kuandika mabadiliko. Kama ulishatumia -a na sasa unaona faili kama FSCK0000.REC, usizifute. Ni vipande vilivyokosa mwenyewe, na huenda ripoti yako imo humo. Jaribu kuzifungua kwa LibreOffice.

Haya yote ni ya FAT32. Angalia aina kwa `lsblk -f`. Ya exFAT inakaguliwa kwa fsck.exfat iliyomo kwenye exfatprogs. Ya NTFS naipeleka kwenye kompyuta ya Windows ikaguliwe kwa chkdsk, kwani ntfsfix hutengeneza machache tu.

Kwa mwalimu, fsck ilimaliza chini ya dakika moja. Folda ya mitihani ilikuwepo nzima, na faili la alama likakubali kuhifadhiwa palepale.

Hatua ya 4: Kuichomoa

Dirisha la kunakili likifungika, data bado inaweza kuwa kwenye RAM. Kwa hiyo:

`sync`
`udisksctl unmount -b /dev/sdb1`
`udisksctl power-off -b /dev/sdb`

sync ikichelewa dakika mbili, isubiri. Taa ya flashi ikizimika, chomoa.