Baji Wapya Nyumbani: Kuwatuliza na Kuwazoesha Mkono Kwenye Baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Kasuku mdogo wa asili ya Australia, ambaye hapa tutamwita baji, ana uzito wa gramu 30 hadi 40 tu. Mwili mdogo hivyo hauna akiba. Akifungwa kwenye boksi Dar es Salaam, akasafiri kwa basi zaidi ya kilomita 800, akapandishwa mlima wa Kitonga na kushushwa Mbeya usiku wa mwezi wa sita, anafika ana njaa, ana baridi na amejaa hofu. Hofu ndiyo ya mwisho kushughulikiwa. Mwenye baridi na njaa hafundishiki, na ukimlazimisha anaweza kukufia.

Tundu liwe tayari kabla ya ndege

Kwa baji wawili, tundu lisipungue sentimita 60 kwa upana, 40 kwa kina na 40 kwenda juu. Upana ndio muhimu zaidi, kwa sababu baji huruka kwenda mbele, hapai wima. Nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita 1.2, la sivyo kichwa kitapita na kunasa. Kama fundi amelitengeneza kwa waya mpya wa mabati, lisugue lote kwa brashi na siki, lisuuze vizuri, kisha lianike juani. Chembechembe za zinki zilizobaki kwenye waya mpya ni sumu, na baji hupanda tundu kwa mdomo, kwa hiyo atazilamba.

Ondoa vile vijiti vya mviringo vilivyonyooka vya plastiki. Mguu unaokaa pale pale kwenye unene ule ule hupata vidonda kwenye nyayo. Kata matawi ya mpera au mkaratusi yenye unene wa sentimita 1 hadi 1.5, yasiwe yamepuliziwa dawa, uyaoshe na kuyakausha. Mkaratusi wa Mufindi na Mbeya asili yake ni Australia kama baji mwenyewe, na ataumenya gamba lake kwa furaha. Mparachichi usiukate kabisa. Majani, magamba na tunda lake vyote vina sumu inayoshambulia moyo na mapafu ya ndege. Rungwe na Njombe parachichi limejaa kila ua, hivyo waelezeni watoto mapema: hata kipande kidogo cha tunda hapewi.

Weka tundu kwenye chumba ambacho watu hukaa, upande wake mmoja ukiegemea ukuta, kwenye kimo cha kifua chako. Likiwekwa sakafuni, kila anayepita anaonekana kama mwewe anayetokea juu. Likining'inizwa katikati ya chumba, ndege hana mgongo wa kujificha. Lisiwe mkabala wa mlango unaofunguliwa alfajiri, wala jikoni.

Baridi, na hatari ya jiko la mkaa

Juni hadi Agosti ndiyo miezi migumu. Baji mzima aliyezoea hali ya hewa huvumilia baridi kiasi, ila mgeni asiachwe kwenye chumba kinachoshuka chini ya nyuzi 15. Jioni funika tundu juu na pande tatu kwa blanketi jepesi au kitenge kilichokunjwa mara mbili, upande mmoja ubaki wazi apate hewa. Usiku wa baridi kali, jaza maji ya moto kwenye chupa, izungushie taulo, iegemeze nje ya tundu upande mmoja tu, ili mwenye joto aweze kusogea mbali nayo. Acha mwanga hafifu mahali. Baji akishtuka gizani kwa mlio au paka dirishani hurukaruka ovyo na kuvunja manyoya ya mabawa.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumba chenye ndege, hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Mapafu ya ndege huchukua hewa kwa ufanisi mkubwa kuliko yetu, hivyo gesi ya mkaa humuua yeye kabla wewe hujaumwa hata kichwa. Vivyo hivyo kikaangio kisichoshika chakula: kikiachwa motoni hadi kikaungua hutoa mvuke unaoua ndege chumba cha pili.

Chakula: usidanganywe na kikombe kilichojaa

Hapa Nyanda za Juu tuna bahati, kwani ulezi upo kila soko. Changanya ulezi, uwele na mtama mdogo, na kila ndege apate vijiko viwili vya chai kwa siku. Kabla ya kununua muulize muuzaji kama nafaka imewekwa dawa ya kuhifadhia. Iliyochanganywa na unga wa dawa haifai hata ukiiosha, na yenye harufu ya uvundo ina kuvu, iache. Ulezi unaouzwa kwa ajili ya uji mara nyingi ni salama zaidi, lakini uliza hivyo hivyo.

Baji humenya kila punje, anakula kiini na kuangusha ganda ndani ya kikombe kile kile. Kufikia jioni kikombe kinaonekana kimejaa pomoni, kumbe ni makapi matupu. Baji wengi wageni hufa njaa hivyo, mwenye nyumba akidhani hawali kwa kuwa wana huzuni. Chukua kikombe asubuhi na jioni, kipulize juu juu makapi yaruke, utaona kilichobaki.

Ongeza figili, chainizi au karoti iliyokwaruzwa, kiasi cha ukucha wa dole gumba kwa kuanzia. Mchicha umpe mara moja moja tu, kwa sababu huzuia madini ya chokaa yasitumike mwilini. Chokaa yenyewe aipate kwenye ganda la yai lililochemshwa dakika kumi, likakaushwa na kupondwa. Alizeti ina mafuta mengi, iwe punje mbili tatu kama zawadi. Kahawa, chokoleti, chumvi, kitunguu na pombe ni marufuku.

Nyumba yenye kuku iwe na mipaka. Kideri, ugonjwa wa kuku, huweza kuwapata na kasuku pia, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni ukitoka bandani, na usichote maji ya baji kwa chombo cha kuku. Kinyesi kikavu cha baji kiloweshe kabla ya kukifuta, vumbi lake lisiingie kwenye pua yako.

Siku tatu za kumwacha

Siku ya kwanza hadi ya tatu kazi yako ni chakula, maji na sauti. Mtangulize kwa maneno kila unapokaribia: "Nakuja mama, nakuletea ulezi." Maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Usimkazie macho ukiwa umesimama mbele yake, kwa maana anayekodolea macho ni mwindaji. Kaa ubavuni mwa tundu, fanya shughuli zako.

Soma mwili wake. Manyoya yaliyobanwa mwilini, shingo imerefuka na macho yametoka, hiyo ni hofu: rudi hatua mbili. Mguu mmoja umefichwa tumboni na mdomo unasagana taratibu kabla ya kulala, huyo ametulia. Akijikuna na kupanga manyoya mbele yako, ameanza kukuamini.

Tofautisha hofu na ugonjwa. Aliyejivimbisha kutwa nzima, anayekaa sakafuni mwa tundu, ambaye mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, au amepitisha siku nzima bila kula, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usimpe dawa ya kuku kwa kukadiria, maana kipimo cha kuku wa kilo mbili humuua ndege wa gramu 35.

Mkono uwe suke la ulezi

Kuanzia siku ya nne weka kiganja nje ya tundu, karibu na kikombe, kwa dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku. Akiendelea kula mkono ukiwepo, ndipo uuingize ndani. Uingie polepole kutokea chini, ukae umetulia karibu na mlango. Usimfuate. Glavu usivae: zinafanya mkono uwe dubwana, na siku ukizivua unaanza upya.

Sasa tafuta suke zima la ulezi lenye kikonyo kirefu. Muda mzuri ni asubuhi kabla hujajaza kikombe, akiwa na hamu lakini hajashinda njaa. Siku ya kwanza shika mwisho wa kikonyo ili suke liwe mbali na vidole. Huenda akalitazama tu kwa dakika kumi, akinyoosha shingo na kuirudisha. Vumilia, kisha ondoa mkono kabla hajakimbia. Akishadonoa, kesho yake shika sentimita mbili karibu zaidi, na keshokutwa vivyo hivyo, hadi vidole vya suke vinatoka katikati ya vidole vyako na yeye anaegemeza kifua kwenye ngozi yako ili afikie punje. Hapo ndipo mkono umegeuka kuwa chakula badala ya hatari.

Baada ya hapo gusisha kidole cha shahada chini ya tumbo, juu kidogo ya miguu, ukisukuma kwa upole huku suke likiwa ng'ambo ya kidole. Sema "panda". Atainua mguu mmoja kwanza, akupime kama hutikisiki. Kidole kikiyumba hatarudi kesho, kwa hiyo egemeza kiwiko. Mazoezi yasizidi dakika 15 kila mara.

Baji mchanga, ambaye mistari ya paji la uso inashuka hadi puani na jicho bado ni jeusi lote, huweza kupanda kidole ndani ya wiki tatu. Mkubwa huchukua miezi. Wawili hufundishika polepole zaidi kwa kuwa wana kampuni yao, lakini hatushauri kumtenga mmoja kama kutwa hakuna mtu nyumbani. Mmoja akiwa jasiri, mwenzake hujifunza kwa kumtazama.

Akikung'ata, usivute mkono kwa nguvu wala kupiga kelele. Ukivuta, amejifunza kwamba kung'ata kunafukuza mkono. Tulia, kisha urudishe taratibu na ujiulize ulikosea wapi: uliharakisha, au ulimbana kwenye kona. Kuonja kidole kwa mdomo bila kukaza si kung'ata, anachunguza tu.

Na usimkamate kwa kumbana kifuani. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, hupumua kwa kifua kupanda na kushuka. Ukikifunga kifua kwa kiganja, umemziba pumzi ingawa pua iko wazi.

Kutoka nje ya tundu

Subiri mpaka apande kidole bila suke. Funga madirisha na milango, shusha pazia kwenye vioo, funika ndoo na sufuria za maji, toa paka. Fungua mlango wa tundu, kaa, mwache atoke mwenyewe. Mtoe kabla ya mlo wa jioni, halafu gonga kikombe cha ulezi ndani ya tundu ukitaka arudi.

Akikwama juu ya pazia, usimrukie. Mnyooshee tawi lake la mpera alilozoea, mwambie "panda". Akigoma na giza linaingia, zima taa, subiri dakika mbili atulie, kisha mfunike kwa taulo jepesi bila kubana kifua na umrudishe. Kesho yake anza tena na suke mlangoni, bila kumtoa, mpaka ale akiwa ametulia.