Jinsi ya kubishana kifo cha Han Solo kijiweni mpaka kieleweke, na watu wakaondoka wanasalimiana

Wadau habari zenu. Naandika hii kwa sababu kuna washkaji wawili hapa Kirumba, Mwanza, walikaa karibu mwezi mzima hawasalimiani, watu waliokua pamoja toka shule ya msingi, na chanzo hakikua mpira wala hela, ni Han Solo, yule mfanya magendo wa kwenye muvi za Star Wars. Iliniuma sana. Toka siku hio kila tukiangalia Star Wars mjadala nausimamia mwenyewe kama mwenyekiti wa kikao cha harusi, na nimegundua huu ubishi ni mtamu mno ukiwa na utaratibu, sasa nawapa utaratibu wenyewe.

Kama hujaiangalia ya 2015, The Force Awakens, ile ambayo Han anakufa, ishia hapa, kaiangalie, urudi. Siandiki hivi kwa mazoea, kuna dogo mmoja nilimmalizia uhondo wake bila kujua na mpaka leo najisikia vibaya, kile kifo unakiona mara moja tu kwa macho mapya.

Haya, tupange siku kwanza. Kijiwe tunapoangalia kiko karibu na mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na nusu ya watu wangu ni vijana wa dagaa. Hao usiku wa giza hawapo, wako ziwani na taa zao. Kwahiyo sisi tunasubiri mbalamwezi, dagaa hawafati taa vizuri mwezi ukiwa umejaa, mitumbwi inapumzika na watu wote wako nchi kavu. Ukiweka siku ya giza utabishana na wauza kahawa peke yao. Hata uwe Igombe au Sengerema ni hivyohivyo, uliza kwanza wavuvi wanarudi lini.

Alafu usije ukaanza na ya 2015 moja kwa moja. Hili ndo kosa kubwa kuliko yote na ndo lililowagombanisha wale jamaa wangu, mmoja alikua amekulia na zile za zamani, mwingine ameiona hio moja tu, sasa unategemea nini, mmoja analia mtu anaemjua miaka yote na mwenzake anaona mzee fulani kaanguka kwenye shimo. Usiku wa kwanza weka ya 1977 na ya 1980, ni kama masaa manne. Usiku wa pili ya 1983 na ya 2015, hapo masaa manne na nusu. Umeme ukikatika msiruke kipande, subirini. Kahawa na kashata viwepo muda wote, na kama kuna mtu ana sato wa kuchoma ni baada ya muvi sio katikati, mana watu wakianza kutoa miba hawaangalii tena.

Kuhusu kopi iliyotafsiriwa. Mimi nazipenda sana, ndo zilizotukuza kwenye vibanda umiza, na bibi yangu asingejua kitu bila sauti ya mtafsiri. Ila mtafsiri anaongeza maneno yake, ndo ufundi wake, sasa mtu anakuja kubisha kwa nguvu zote kwamba Han alisema hivi na hivi kumbe hajawahi kusema. Kwahiyo kanuni yetu ni hii: uhondo kwenye iliyotafsiriwa, ushahidi kwenye sauti ya asili. Kipande cha daraja kirudieni kwa sauti ya asili hata mara tatu, na ambae anaelewa kizungu awaelezee wengine taratibu bila kuweka chumvi.

Na mkirudia angalieni mwanga, sio watu. Leia, yule mpenzi wa Han toka zile za zamani, ndo kamtuma Han, kamwambia akimuona mtoto wao amrudishe nyumbani. Han anamfata Ben, ambae sikuhizi anajiita Kylo Ren, juu ya daraja jembamba lisilo na kingo, anamwambia twende nyumbani. Ben anasema anapasuka ndani, anajua anachotakiwa kufanya lakini hajui kama ana nguvu ya kukifanya, baba nisaidie. Mzee anakubali, bila hata kuuliza kusaidia nini. Wakati huo ile silaha kubwa ya upande wa Ben inanyonya jua, mwanga wa nje unakuwepo, unakuwepo, alafu unazimika, na sura ya Ben inabaki nyekundu. Ndo anawasha upanga wa mwanga ukiwa umeelekezwa kifuani kwa baba yake. Han anamshika shavu kabla ya kuanguka. Nimeangalia hicho kipande mara nyingi sana na bado lile shavu linanimaliza.

Hapo ndo ubishi unafunguliwa, na kazi yako mwenyekiti ni moja, usiruhusu maswali matatu yakabishaniwa kwa pamoja. La kwanza, je Han alistahili kufa? La pili, je kile kifo kilitengenezwa vizuri? La tatu, je waliobaki walimlilia ipasavyo? Mtu anaweza kujibu ndio, ndio, hapana, na mwenzake hapana, ndio, hapana, na wote wakawa na akili timamu. Wale jamaa zangu nilikuja kuwasikiliza vizuri baadae, mmoja alikua anajibu la kwanza mwingine anajibu la tatu, mwezi mzima!

Kwenye swali la kwanza lazima mtakutana na sheria ya kibanda umiza, steringi hafi. Hii usiibeze, tumelelewa nayo, steringi anapigwa, anaanguka kwenye maji, anapotea, ila mwisho anatokea. Ila muulize anaeitoa, steringi wa zile tatu za zamani ni nani? Ni Luke Skywalker. Han ni rafiki wa steringi, na sheria ileile ya kibanda inasema rafiki wa steringi ndo anakufa, tena akionekana tu ana mpenzi na gari zuri ujue hafiki mwisho, anakufa ili steringi apate hasira. Kwa hesabu hio Han alikua anadaiwa kifo toka 1983. Na sio sisi tu tuliowaza hivyo, Harrison Ford mwenyewe, aliemcheza Han, alitaka Han afe kwenye ile ya 1983, aliona kifo kingeipa hadithi uzito, George Lucas aliyeibuni Star Wars akakataa. Hii imesemwa wazi miaka mingi kwahiyo itumie kwa amani. Ila mtu akianza kusema ooh alilipwa ili auawe, ooh aligombana na nani, mzuie hapohapo, hizo ni stori za kijiwe kingine.

Hoja nzito ya upande wa pili, na mimi naiheshimu sana, haihusu daraja kabisa. Inahusu 1983. Zile tatu zinaisha watu wameshinda, Han na Leia wako pamoja, ngoma inapigwa. Alafu Disney walioinunua Lucasfilm 2012 kwa kama dola bilioni 4 wanaifufua hadithi, unafungua unakuta ndoa imevunjika, mtoto kaharibika, Han karudi kwenye magendo yake na hata chombo chake Millennium Falcon kiliibiwa. Kuna mzee mmoja hapa alifanya kazi ya maboti miaka mingi, alisema kitu siku ile nikakiandika kwenye simu, "mwanangu, mimi sisikitiki kufa kwake, nasikitika kwamba miaka yote thelathini tuliyodhani anaishi vizuri alikua haishi vizuri." Sikuwa na jibu, nikamwambia tu ndio babu. Mkifika hapa mwenyekiti usiharakishe, waache watu waongee, hata kama kahawa imeisha.

Wanaotetea wana jibu zuri pia na mlipe nafasi. Kwenye ya 1983 Luke anakataa kumuua baba yake Darth Vader, na ule upendo wa mtoto ndo unamgeuza mzee. Ya 2015 imegeuza hicho kibao, sasa ni baba anaemfata mtoto bila silaha mkononi, na inashindikana. Mbele kidogo, 2019, Ben anamuona baba yake kama kumbukumbu tu, Ford akarudi kwa kipande kile kifupi, wanarudia karibu maneno yaleyale ya darajani na safari hii Ben anautupa upanga. Kwahiyo swali la kuwapa watu ni hili, kifo kinachojibiwa baada ya muvi mbili ni kifo kilichopangwa au kilichookolewa? Mimi naona kiliokolewa, ila nimewahi kushindwa hoja hio na binti mmoja wa Nyakato, alinibana vizuri kweli, akasema lile shavu alilolishika ndo mbegu yenyewe, mbona sikuiona.

Sasa swali la tatu. Hili wengi wanalipita na kwangu ndo penye kidonda. Sisi watu wa huku tunajua msiba. Mtu akifa maturubai yanafungwa, watu wanakaa matanga, anaepewa pole wa kwanza anajulikana na mtu asipoonekana msibani anaulizwa. Angalia muvi ile ya 2015 baada ya daraja. Leia amekihisi kile kifo kule aliko, sawa, anakaa chini. Chewbacca, rafiki wa Han kuliko mtu yeyote, aliekuwepo akashuhudia, akapiga kelele ile na kumpiga risasi Ben ubavuni, anarudi kambini anashuka, na Leia anampita. Anampita kabisa! Anaenda kumkumbatia Rey, binti ambae hata hawajawahi kukaa pamoja. Hakuna matanga, hakuna hata dakika moja ya kukaa kimya, mara roboti kaamka mara ramani mara safari. J.J. Abrams mwenyewe, aliyeiongoza muvi hio, alikuja kukiri kwamba kile kipande cha Leia kumpita Chewbacca pengine ni kosa lake, namshukuru kwa kusema.

Ndo maana mimi huwa nasema kifo cha Han hakina shida, msiba wake ndo una shida. Watu waliokasirika 2015 wengi walikua wanadai matanga, ila hawakujua ndo wanachodai, wakaishia kusema muvi mbaya. Kijiweni kwangu mtu akisema muvi mbaya namuuliza tu, ungetaka nani amkumbatie nani? Utashangaa sauti inavyoshuka.

Kwahiyo sisi tunafanya hivi. Mkishamaliza maswali yote matatu, kabla watu hawajatawanyika, weka ya 2017 na usogeze mpaka Luke anapoingia kimyakimya ndani ya Millennium Falcon na kuchukua zile dadu za dhahabu za Han zilizokua zinaning'inia. Alafu sogeza mpaka mwishoni anapompa Leia mkononi, na baadae zinapotea kama moshi. Msiongee hapo. Ni vipande viwili vidogo lakini ndo karibu na matanga kuliko kitu kingine tulichopewa, na mwaka ule Carrie Fisher aliecheza Leia alikua ameshafariki, Desemba 2016, kwahiyo anaezipokea dadu na yeye hatunae. Wale jamaa zangu wawili walipatana hapo, wameangalia kioo, mmoja akampa mwenzake kikombe cha kahawa bila kusema neno.

Mambo madogo madogo, mtu asiongee zaidi ya dakika tano, ukimkatiza mzee unaomba radhi kwanza, na mtoto wa chini ya miaka kama kumi kipande cha daraja mtoeni nje mumnunulie kashata. Viti virudisheni usiku huohuo.

Na mtu akitaka kuingiza kifo cha Luke usiku huohuo mkatalieni kwa upole. Ni kirefu kuliko hiki. Kipangieni mbalamwezi inayofata.