Somo: Kutafuta uvujaji wa methani kwa kifaa cha leza cha mkononi

Somo hili limeandikwa kwa mafundi wa Mtwara na Lindi wanaofanya kazi kwenye mabomba ya gesi asilia. Gesi ya Mnazi Bay na ya Songo Songo karibu yote ni methani, ambayo kwa asili haina rangi wala harufu, kwa hiyo pua haitoshi kuwa kipimo.

Methani hufyonza mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, katika mawimbi yenye urefu maalumu, mojawapo likiwa na urefu wa karibu nanomita 1,654. Kifaa hubadilisha urefu wa wimbi la leza kwa haraka, ukapita na kurudi juu ya urefu huo, kisha hupima ni kiasi gani cha mwanga kimepotea kwenye mwale uliogonga kitu na kurudi.

Hatua ya 1. Washa kifaa penye hewa safi, ukiache kijikague kama mwongozo wake unavyoagiza.

Hatua ya 2. Anza asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia, kwani kusi ikivuma gesi hutawanyika kabla hujaiona. Upepo ukiwepo, kagua upande ule gesi inakopeperushwa.

Hatua ya 3. Lenga ukuta, udongo au bomba lenyewe, kisha pitisha mwale polepole kwenye vali na maungio. Ukilenga angani hakuna kitakachorudi, na maji yaliyotulia huutupa mwale kando.

Hatua ya 4. Soma namba kwa uangalifu. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kifaa hutoa ukolezi wa gesi uliozidishwa kwa urefu wa njia ya mwale, yaani sehemu kwa milioni mara mita. Hewa ya kawaida ina methani takriban sehemu 1.9 kwa milioni, hivyo ukuta ulio mita 10 mbele yako utaonyesha kama 19 bila uvujaji wowote. Lakini namba 500 inaweza kuwa wingu jepesi la sehemu 500 lililoenea mita nzima, au mkondo mwembamba wa sentimita moja wenye sehemu 50,000, ambazo ni asilimia 5, kiwango ambacho methani huanza kuweza kulipuka hewani. Kwa leza hali hizo mbili ni sawa. Kwa maoni yangu, fundi asiye na kigunduzi cha pili, kile kinachovuta hewa na kuonyesha asilimia ya kiwango cha mlipuko, asitangaze kwamba mahali ni salama.

Hatua ya 5. Thibitisha kiungo kinachoshukiwa kwa povu la sabuni.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Kilwa Masoko: Shikamoo mwalimu. Je, kifaa hiki kitagundua mtungi wa jikoni unaovuja?

Jibu: Marahaba. Hakitagundua. Gesi ya mtungi ni propani na butani, na leza hii imelengwa kwenye methani pekee. Tena gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, ilhali methani hupaa.

Swali, kutoka Mikindani: Karibu na shimo la choo namba hupanda. Je, bomba linavuja?

Jibu: Si lazima, ndugu yangu, kwa sababu uozo usiopata hewa nao huzalisha methani, na leza haiulizi imetoka wapi. Pima ukielekea bomba, kisha ukielekea shimo, ulinganishe namba zinapopanda zaidi.

Swali: Mwale huo unadhuru macho?

Jibu: Mwale wa kupimia kwa kawaida ni dhaifu, ila ule wa kijani wa kulengea usimwelekezee mtu usoni.