Kutengeneza sabuni ya kufulia kwa mafuta yaliyokaangia samaki

Wiki iliyopita nilimkuta mama mmoja mkaanga samaki, hapa Bagamoyo, amebeba dumu la mafuta meusi anakwenda kuyamwaga mtaroni. Nikamwomba tuyapike sabuni. Haya ndiyo tuliyofanya.

1. Chuja kwa kipande cha kanga kuukuu.

2. Osha mafuta. Mara yangu ya kwanza niliona kuchuja kunatosha. Sabuni ikabomoka mkononi na kunuka samaki, siku nzima ikaenda bure. Kitambaa hakizuii chumvi wala vumbi la unga ulioungua. Weka mafuta na maji kiasi sawa, visivuke nusu ya sufuria, maana maji yakichemka chini ya mafuta huruka. Chemsha kwa moto mdogo dakika 15 ukikoroga, ipua, acha yalale. Asubuhi uchafu na maji viko chini. Teka mafuta ya juu kwa upawa, na ukikaribia maji acha. Hayo machache usiyaonee uchungu. Maji yakiwa bado machafu, rudia. Mwisho pasha mafuta peke yake taratibu mpaka yaache kutatarika. Usiruke hapo: maji yakibaki ndani yatapimwa kama mafuta, na kostiki (kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) itazidi.

3. Pima kwa mizani ya kidijitali, hata kostiki na maji. Sikubali kijiko wala kikombe. Lita moja ya mafuta haifiki kilo, ni kama gramu 920. Kwa kilo 1 ya mafuta: kostiki soda gramu 130, maji gramu 300.

4. Fanyia nje, na glavu na miwani. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo; kamwe usimwagie maji juu yake, itachemka na kukurukia. Tumia ndoo ngumu ya plastiki. Sufuria ya alumini huliwa na kostiki. Ikikugusa, osha kwa maji mengi yanayotiririka, si siki. Maji ya kostiki na mafuta vyote vikiwa vuguvugu, mimina maji hayo kwenye mafuta, koroga mpaka iwe kama uji mzito. Mafuta ya mawese hushika mapema, ya alizeti hukuchosha mkono.

5. Mimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni. Kesho yake ikiwa imekaza, kata ukiwa na glavu, panga kivulini penye upepo wiki 4. Ni ya nguo na vyombo, usiogee.