Unataka kublichi nywele? Jua kwanza blichi inafanya nini humo ndani

Kabla hujafungua hiyo pakiti tuelewane kitu kimoja, blichi sio rangi. Rangi inaongeza kitu kwenye nywele, blichi inatoa, na ikishatoa ndo imetoka hivyo, maana unywele ulioshaota nje ya ngozi hauna uhai wa kujitibu.

Unywele kwa nje una magamba madogo madogo yamelaliana kama ya samaki, ndani yake kuna protini inaitwa keratini, na humo ndo imekaa melanini inayozipa nywele weusi. Sasa pawda ya blichi ni kali upande wa magadi, sio upande wa ndimu, pH yake inacheza kwenye 9 mpaka 11, inauvimbisha unywele magamba yanafunguka, halafu haidrojeni peroksaidi ya kwenye developa, ile ya kuchanganyia pawda, ikisaidiana na kemikali zinaitwa pasalfeti za kwenye pawda inapita ndani inavunjavunja melanini. Shida peroksaidi haichagui. Keratini imefungwa kwa vifungo vya salfa, ndo nguvu yote ya unywele ipo hapo, navyo vinaliwa humo humo, na kikishaliwa hakishikani tena. Na yale mafuta membamba yaliyolala juu ya magamba nayo yanaondoka, ndo maana nywele zilizoblichiwa zinakunywa maji haraka na kitana kinakwama.

Kama umeweka dawa ya kunyoosha nakuomba kabisa usiblichi, dawa nayo inavunja vifungo hivyo hivyo vya salfa, kwahiyo unakata kamba ambayo ilishakatwa nusu. Mdogo wangu aliweka dawa ijumaa akablichi jumapili, jumatatu nywele zinabaki kwenye kitana, mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Umepaka hina ya dukani iliyochanganywa na vitu vingine? Zingine zina chumvi za madini, zikikutana na peroksaidi zinapata moto kichwani. Na jiki ya kufulia usiiguse kabisa, ile inayeyusha unywele.

Haya tuanze. Siku mbili kabla jaribu mchanganyiko kidogo nyuma ya sikio, na kwenye kifungu kimoja cha nywele za kisogoni. Ukikiosha kivute kikiwa kibichi, kikirefuka kikarudi ni sawa, kikivutika kama bigijii au kukatika basi acha, hakuna cha kubembeleza.

Developa chukua yenye nguvu ya 20, hiyo ni peroksaidi asilimia 6. Ya 30 ni 9, ya 40 ni 12, na watu wanakimbilia 40 wakidhani itawahisha, inawahi kweli ila inawahi na kwenye keratini. Nywele zetu za kipilipili kila zinapojikunja pana udhaifu, hazitaki haraka. Changanya kwenye bakuli la plastiki, sio la chuma, kipimo fuata pakiti, pawda moja developa mbili ndo kawaida, vaa glovu fungua madirisha, vumbi la pasalfeti linaweza kubana kifua. Ukibakisha mchanganyiko usiufungie kwenye chupa, unatoa gesi chupa inaweza kupasuka.

Paka nywele kavu, anza katikati kwenda kwenye ncha, mizizi acha sentimita 2 upake mwisho kwasababu joto la kichwa linaharakisha na mizizi itawahi kuwa njano kuliko kwingine. Angalia kila dakika 5 hadi 10, muda wa kwenye pakiti usiupitishe hata kama rangi haijafika. Itapita kahawia, nyekundu, chungwa, ndo ije njano, hujakosea kitu, melanini nyeusi inavunjika mapema ile nyekundu inang'ang'ania. Ikifika rangi ya ganda la ndizi kwa ndani, osha. Usiitafute nyeupe, hapo melanini imeisha kinacholiwa ni unywele wenyewe. Ikigoma kwenye chungwa osha usubiri wiki mbili urudie, unjano uliobaki unatulizwa na shampuu ya zambarau.

Osha kwa maji ya uvuguvugu, kondishena yenye pH ya chini ya 5 inasaidia magamba kulala. Mafuta ya nazi paka usiku kabla ya kuosha, yanaingia ndani ya unywele yanapunguza protini kutoka. Pasi ya nywele pumzisha. Na nywele mpya zikiota paka hizo mpya tu, blichi isiguse zilizokwishablichiwa.