Somo: Kulinganisha kenge na kitwitwi mlangoni mwa Mto Sabaki, karibu na Malindi, Kenya

Wengi hulinganisha ukubwa, wakaishia hapo: kenge wa majini aweza kupita mita 2, na kitwitwi, ndege wa ufukweni mwenye mdomo uliopinda kidogo, ana uzito wa gramu 60 hivi. Mimi naona la kutazama ni tumbo. Nani anaimudu njaa, nani haimudu?

1. Chagua wakati. Nenda asubuhi maji yakianza kupwa, kati ya Septemba na Machi. Kitwitwi hushuka mara tope likijitokeza. Kenge hungoja jua lipande, maana joto la mwili hulipata nje.

2. Kaa kwenye mchanga mkavu. Sabaki ina viboko na mamba, kwa hiyo usiingie majanini ukingoni.

3. Tazama vinywa, na hapa usiwe na haraka. Kitwitwi hudunga tope mfululizo; ncha ya mdomo wake huhisi kijidudu asichokiona. Kenge hutoa ulimi wenye panda na kuurudisha, na harufu hutambuliwa na kiungo kilicho juu ya kaakaa. Wote wawili wanasaka kilichofichika. Kenge mzima ana meno butu ya nyuma, ya kupondea kaa na konokono.

4. Angalia nani anapumzika. Kenge akishiba huota jua hata saa nzima. Kitwitwi hawezi: mwili wake mdogo unachoma chakula upesi, na kabla ya kurudi Siberia kule kaskazini lazima alimbikize mafuta ya safari.

5. Soma nyayo: vidole vitano na mburuzo wa mkia, au vidole vitatu vya mbele.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Kenge hula mayai ya kitwitwi?
Marahaba. Ya huyu hapana, yeye hutaga huko kaskazini. Wanaoumia ni ndege wanaotaga hapa hapa mchangani.

Kaka, hawafanani popote?
Wanafanana katika pumzi, na ndilo linalonivutia kuliko yote. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba kwa kenge wa mbuga, jamaa wa huyu wa majini, hewa hupita kwa mwelekeo mmoja ndani ya mapafu, kama kwa ndege.

Kenge akiingia banda la kuku je?
Dada, mwachie njia atoke, usimzibie. Hupiga kwa mkia, hukwaruza, huuma. Kisha ziba matundu ya chini, na mayai uyaokote kila jioni.